Hedifoni za waya za kukaa juu ya sikio kwa bajeti ndogo: ipi ya nani, na ya kutumia wapi?

Sikio_Safi (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Humu jukwaani haipiti wiki bila mtu kuuliza anunue hedifoni gani kwa pesa ndogo, na majibu hayabadiliki: chukua ile ya bluetooth, ina besi ya kufa mtu. Leo nataka tuzungumzie aina iliyosahaulika, ambayo kwa maoni yangu bado inampa msikilizaji muziki mwingi zaidi kwa kila shilingi anayotoa. Ni zile hedifoni nyepesi za waya, zenye sponji zinazolala juu ya sikio. Sizungumzii zile kubwa zinazomeza sikio lote, wala zile za kuchomeka ndani ya tundu la sikio.

Hesabu yenyewe iko hivi. Ukinunua hedifoni ya bluetooth ya elfu arobaini za Tanzania, pesa hiyo inagawanywa kwenye betri, saketi ya kuchaji, chipu ya mawasiliano na amplifaya ndogo, ndipo spika na sponji zipate kilichobaki. Ya waya haina hayo yote. Ni spika mbili, upinde, sponji, waya na pini, basi. Betri ya bluetooth ikichoka baada ya miaka michache, mara nyingi kifaa kizima kinatupwa kwa sababu kimegundishwa na hakikutengenezwa kifunguliwe. Na wapenzi wa redio wanajua jambo lingine: redio ya FM ya kwenye simu hutumia waya wa hedifoni kama antena. Bila waya, mpira wa jioni utausikiliza kwa intaneti na bando litakwenda.

Aina hii ilikua pamoja na kaseti. Tarehe 1 Julai 1979, Sony walipoanza kuuza Walkman ya kwanza, TPS-L2, kicheza kaseti cha kutembea nacho, kule Japani, waliitoa na hedifoni ya sponji yenye uzito wa gramu 50 hivi, wakati hedifoni za nyumbani za miaka ile zilikuwa nzito mara kadhaa. Kabla ya hapo, mwaka 1968, Sennheiser wa Ujerumani walikuwa wametoa HD 414, hedifoni ya mgongo wazi, ikaonekana kwamba spika haihitaji kufungiwa ndani ya kopo ili isikike vizuri. Kisha mwaka 1984 Koss wa Milwaukee, Marekani, wakatoa Porta Pro. Hiyo Porta Pro inauzwa mpaka leo kwa umbo lile lile: upinde mwembamba wa chuma, sponji nyeusi, inakunjika na kuingia mfukoni. Kitu cha kielektroniki kudumu sokoni kwa miaka zaidi ya 40 bila kubadilishwa sura si jambo la kawaida, na watu hawainunui kwa kukumbuka zamani tu. Inaimba.

Sasa, ukitaka kuchagua, usianze na "ipi ina besi". Anza na utasikilizia wapi. Hedifoni hizi ziko za namna mbili. Kuna za mgongo wazi, ambazo nyuma ya spika kuna matundu: hewa inapita, sauti ya nje inaingia, na yako inatoka. Kuna za mgongo uliofungwa, ambazo nyuma kuna kifuniko cha plastiki na sponji yake imevishwa ngozi ya bandia. Ya wazi ina sauti yenye nafasi. Gita liko upande huu, ngoma upande ule, mwimbaji katikati, na huhisi kama kichwa kimefungiwa chumbani. Sikio halitoki jasho haraka, jambo la maana sana kwa mtu wa Dar, Tanga au Mombasa. Lakini ukipanda nayo basi, muungurumo wa injini unakula besi yote, na jirani yako anasikia unachosikiliza. Ya kufungwa inazuia makelele kiasi, inatunza siri yako, ila sikio linapata joto, na za bei ya chini nyingi zina besi ya kuvimba inayofunika sauti ya mwimbaji.

Mimi msimamo wangu ni huu: kama usikilizaji wako mkubwa ni barazani, hosteli usiku, ofisini ukiwa peke yako, au unatembea mtaani na unahitaji kuisikia bodaboda inayokuja nyuma yako, chukua ya wazi. Kama ni ndani ya daladala au karibu na watu wanaotaka utulivu, chukua ya kufungwa.

Majina sasa. Kwa za wazi, Porta Pro kwao inauzwa dola 50 hivi. KPH30i ya kampuni hiyo hiyo ni dola 30 hivi, ina maiki kwenye waya, haikunjiki lakini kwa masikio mengi inakaa kwa raha kuliko kaka yake, na besi yake imetulia zaidi. KSC75 ni dola 20 hivi, hiyo haina upinde kabisa, kila upande una kishikizo cha kuning'inia kwenye sikio. Kwa mtu anayejali sauti peke yake, KSC75 kwa bei ile sijaona cha kuishinda. Zote tatu ni za ohm 60. Kwa za kufungwa, Sony MDR-ZX110 ndiyo mlango wa kuingilia: spika za milimita 30, ohm 24, inalala bapa ikiingia kwenye begi, na ukitaka maiki unatafuta iliyoandikwa ZX110AP. JBL Tune 500 iko juu yake kidogo kwa bei, ina spika za milimita 32 na besi iliyosukumwa mbele. Ukiwa na zaidi ya dola mia kuna Sennheiser HD 25, iliyotoka mwaka 1988 na bado iko shingoni mwa madijei duniani kote, kwa sababu kila kipande chake kinafunguka na kinauzwa peke yake. Lakini hiyo imetoka nje ya bajeti ya uzi huu.

Kuhusu hizo ohm, kuna watu wanatishwa nazo. Ohm zinaeleza jinsi spika inavyokinza umeme, na namba nyingine iliyoandikwa kwenye boksi, ya desibeli, inaeleza inapiga kelele kiasi gani kwa umeme mdogo. Zisomwe pamoja. Porta Pro ni ohm 60 na desibeli 101 kwa miliwati moja. Simu dhaifu inayotoa nusu volti itaipa miliwati 4 hivi, na hapo unafika kama desibeli 107, ambazo ni nyingi kuliko sikio lako linavyostahili. Kwa hiyo anayekuambia lazima ununue amplifaya ili kupiga Porta Pro kwa simu, mwambie apige hesabu. Shida inaanza kwenye zile za studio za ohm 250 na kuendelea, na hizo siyo za kutembea nazo.

Karibuni, tuongeze na tupingane.

Konda_Mstaafu

Mkuu umeandika vizuri lakini hapo kwenye mgongo wazi nakupinga. Wengi wetu muziki tunausikiliza njiani. Mimi natoka Mbezi naenda Posta asubuhi, foleni ya Kimara naijua, konda anapiga kelele, dereva kaweka redio yake, abiria wa pembeni yuko kwenye simu. Hedifoni ya wazi pale ni hela imetupwa. Nimetumia ZX110 muda mrefu, haijanipa shida. Haina utamu huo wa nafasi unaousema, sawa, lakini naisikia nyimbo mwanzo mpaka mwisho.

Sikio_Safi

Konda, kwa safari yako uko sahihi na sitabishana. Niongeze tu jambo moja ambalo watu wa daladala tulitilie maanani. Hedifoni ndogo ya kufungwa inazuia sauti nyembamba: mazungumzo, honi kiasi, kelele za konda. Muungurumo mzito wa injini inauzuia kidogo sana. Ndiyo maana ukiwa ndani ya gari unahisi besi imepotea, unaongeza sauti, unaongeza tena, na ukishuka kituoni unashtuka kumbe ilikuwa juu kiasi kile.

Shirika la Afya Duniani linaweka kiwango salama kwa mtu mzima kuwa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ukipanda hadi desibeli 90, saa zinashuka hadi 4 tu kwa wiki nzima. Kila desibeli 3 unazoongeza zinakata muda wako nusu. Safari ya foleni asubuhi na jioni inamaliza saa 4 kabla ya Jumatano. Simu nyingi siku hizi zina mahali pa kuweka kikomo cha sauti kwenye mipangilio. Kiweke ukiwa nyumbani kwenye utulivu, na ukiwa barabarani usikiguse. Masikio yakianza kupiga mluzi usiku, mluzi huo hauna fundi.

Mama_Nuru_Tanga

Assalamu alaykum. Nauliza kwa niaba ya wanawake wenzangu. Mimi navaa hijabu, na hedifoni zote za upinde nikiziweka juu ya mtandio zinateleza, au sauti inakuwa kama iko chumba cha pili. Za kuchomeka ndani zinaniumiza, tundu za masikio yangu ni ndogo. Napenda taarabu na kaswida, sina haja ya mabesi. Nifanyeje?

Sikio_Safi

Wa alaykum salaam dada, swali zuri na wauzaji hawalifikirii kabisa.

Kitambaa kinafanya mambo mawili. Kwanza kinakata sauti nyembamba, ile ncha ya kanuni (ala ya nyuzi) na fidla, ndiyo maana unasikia kama ukuta umekaa katikati. Pili, kama hedifoni ni ya kufungwa, kitambaa kinaacha upenyo pembeni ya sponji na besi inavujia hapo. Hedifoni ya kufungwa inategemea kubana vizuri kwenye sikio, ikikosa hapo inakuwa nyembamba na kavu. Ya wazi imetengenezwa ikijua hewa itapita, kwa hiyo inaumia kidogo zaidi upande wa sauti nyembamba tu.

Ushauri wangu kwako ni KSC75. Kwa kuwa haina upinde, unaining'iniza masikioni kwanza halafu unavaa mtandio juu yake. Ni bapa na nyepesi, haionekani sana, wala haitelezi kwa sababu mtandio wenyewe unaishikilia. Waya unashuka ndani ya nguo mpaka mfukoni. Ukikosa hiyo, Porta Pro au KPH30i chini ya mtandio mwepesi wa pamba pia inawezekana, ila jaribu kwanza kama upinde haukusumbui utosini.

Na kwa taarabu umegusa penyewe. Muziki wenye fidla, kinanda, kanuni, dufu na sauti ya mwimbaji aliyekaa mbele unapendeza mno kwenye hedifoni ya wazi. Zile za besi ya kuvimba zinamfunika mwimbaji, na taarabu bila maneno ni nusu ya taarabu.

Mama_Nuru_Tanga

Allah akulipe kheri. Mdogo wangu yuko Muscat, nitamwagiza aangalie huko.

Mwana_Luthuli

Sasa wadau. Mimi niko Nairobi, na nataka kuongea kuhusu feki kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanachomeka. Ukienda Luthuli Avenue utapata kila kitu, original na feki, wakati mwingine kwa shelfu moja. Ile hedifoni kubwa ya rangi nyekundu yenye nembo ya kampuni maarufu, inauzwa bei ya chakula cha mchana, jamani hiyo si offer. Afadhali hedifoni ndogo ya jina la kawaida lakini ni ya ukweli.

Njia yangu ya kutest ni rahisi na haihitaji mashine. Nikiwa dukani nafungua ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Sauti ile iko sawa kushoto na kulia, kwa hivyo lazima isikike katikati kabisa ya kichwa. Ikivutia upande mmoja, spika haziko sawa. Ikisikika kama imetawanyika, haina mahali, na sauti ya mtu imekuwa nyembamba bila kifua, waya za spika moja zimegeuzwa kiwandani. Hiyo usinunue hata kama bei ni nzuri aje. Baada ya hapo naweka wimbo ninaoujua vizuri, naangalia kama upande wa L na R ni kweli. Utashangaa ni ngapi zimebadilishwa.

Mwenye duka akikataa usijaribu, toka uende duka la pili. Yako mengi.

Sikio_Safi

Mwana_Luthuli, hiki kipimo cha ujumbe wa sauti nakiomba kila mtu akihifadhi. Mimi naongeza uzito na waya. Zile feki kubwa mara nyingi zimewekwa kipande cha chuma ndani ili zionekane nzito na za thamani. Halafu shika waya pale unapoingia kwenye kikombe cha spika: uangalie kama kuna kile kishikizo cha mpira kinachozuia usivutwe. Kama waya umeingia tu kwenye tundu kavu, hautamaliza msimu. Kariakoo nako ni hivyo hivyo, uvumilivu wa dakika kumi za kujaribu unakuokolea pesa yako.

Fundi_Lehemu

Naona uzi umenigusa. Mimi kazi yangu ni redio na simu, na nawaambia hedifoni nyingi zinazoletwa mezani kwangu hazijafa. Spika zake nzima kabisa. Kilichokufa ni waya, na unakatika sehemu mbili: shingoni mwa pini, au pale unapoingia kwenye spika.

Ukiona upande mmoja unakata na ukikunja waya karibu na pini unarudi, ni pini. Ukiona mwimbaji amepotea ghafla, kimebaki kinanda na mwangwi wa mbali, watu wanadhani simu imeharibika. Hapana. Ni ule waya wa pamoja, ethi, umeachia. Umeme unapita spika moja kwenda nyingine, na kilicho sawa pande zote mbili, yaani sauti ya mwimbaji, kinajifuta. Pini mpya ni bei ndogo, kazi yenyewe ni ya muda mfupi.

Kwa anayetaka kujifanyia: nyuzi za ndani zimepakwa rangi inayozuia umeme. Ukizilehemu hivyo hivyo, lehemu haishiki, ndiyo maana wengi wanarudia kazi. Ziguse kidogo na moto wa kiberiti, futa masizi taratibu, kisha zipake lehemu kabla ya kuziunga. Kwa kawaida nyekundu ni kulia, kijani au bluu ni kushoto, ya rangi ya shaba ni ethi. Nasema kwa kawaida, kwa hiyo pima kwa mita kabla ya kufunga. Na zenye maiki zina waya wa nne na pini ya pete tatu, hizo msizifunge pini ya pete mbili mkategemea maiki ifanye kazi.

Jambo la mwisho. Msizungushie waya kwenye simu kwa kubana. Mnaua shingo ya pini kila siku kidogo kidogo. Kunja mzunguko mpana, uache ulegee.

Sikio_Safi

Fundi, asante sana. Hapa ndipo ninaposimamia hoja yangu ya waya. Hedifoni ambayo fundi wa mtaani anaweza kuirudisha kazini kwa pini na lehemu ina maisha tofauti kabisa na ile inayosubiri betri yake ife.

Sponji nazo ni hivyo. Sponji za Porta Pro zinaingiliana na za KSC75, na sponji za duara za ukubwa huo zinauzwa kwa jozi nyingi kwa bei ndogo. Kwa za kufungwa, ngozi ya bandia huku pwani haimalizi muda mrefu, jasho na chumvi vinaifanya ibambuke vipande vyeusi shingoni. Ikianza, usiitupe hedifoni. Kata kitambaa cha fulana ya zamani ya pamba, kishonee mpira ukingoni kama kofia ya kuogea, vika juu ya sponji. Sauti itabadilika kidogo, lakini sikio litapumua.

Babu_wa_Rumba

Vijana, hamjambo. Nimesoma uzi wote mpaka hapa. Mimi ni mpenzi wa rumba tangu enzi za santuri, na ninachotafuta ni magita. Nataka nisikie gita la solo na la kati kila moja mahali pake, hasa sebene linapoanza. Binti yangu ameniletea simu nzuri kutoka ng'ambo lakini haina tundu la pini. Nimenunua kile kiadapta cha taipu C cha bei ndogo, nikichomeka simu inakaa kimya. Muuzaji anasema simu yangu ndiyo mbovu. Halafu ninavaa miwani. Nisaidieni.

Sikio_Safi

Shikamoo mzee wangu. Simu yako haina ubaya, adapta ndiyo siyo yake.

Adapta za taipu C ni za aina mbili ingawa kwa macho zinafanana. Ya kwanza ni waya mtupu, inategemea simu yenyewe itoe sauti iliyokwisha kutengenezwa kupitia tundu la chaji. Simu chache tu zinafanya hivyo. Ya pili ina chipu ndogo ndani inayopokea sauti ikiwa namba na kuigeuza kuwa umeme wa kupiga spika. Simu nyingi zisizo na tundu la pini zinahitaji hii ya pili. Dukani ulizia yenye "DAC", ndivyo inavyoandikwa kwenye boksi, na uende na simu yako ujaribu kabla ya kulipa. Tangu Apple walipoondoa tundu kwenye iPhone 7 mwaka 2016, wao wanauza adapta zao zenye chipu ndani kwa dola 9. Ile ya taipu C ni nzuri sana kwa sauti, ila kwenye baadhi ya simu za Android inatoa sauti ndogo, kwa hiyo nayo ijaribu kwanza. Jua pia kwamba kwa adapta, redio ya FM mara nyingi haitafanya kazi.

Kuhusu miwani, hapo inabidi kuwa makini. Hedifoni ya juu ya sikio inalibana sikio kwenye mkono wa miwani, na baada ya muda unaanza kuumwa. Tafuta inayobana kidogo. Porta Pro ina vitufe pembeni ya kipaji vya kuchagua mbano, weka kwenye upande wa kulegea, mzigo unahamia juu ya sikio. Ukinunua nyingine na ukaiona inabana, ivishe kwenye boksi lenye upana unaozidi kidogo kichwa chako, uiache usiku kucha. Upinde wa chuma unalainika. Wa plastiki nenda nao polepole usije ukavunjika.

Na kwa magita ya rumba, ya wazi bila kusita. Gita la solo na gita la kati yanapopishana kwenye sebene, hedifoni ya wazi inakuwekea kila moja upande wake, na besi ya gita inatembea chini bila kuwafunika. Kaa barazani jioni kukiwa kimya, mzee, utafurahi.

Babu_wa_Rumba

Marahaba mwanangu. Kesho nakwenda na simu yangu mkononi.

Zege_Halilali

Mimi nauliza tofauti. Napiga singeli, mapigo yanakimbia kupita mia mbili kwa dakika. Hedifoni niliyonayo ina besi kubwa lakini kila kitu kinakuwa uji, sisikii kinanda wala maneno ya MC. Nilidhani singeli inataka besi kubwa zaidi?

Sikio_Safi

Singeli inataka besi inayowahi kusimama. Kwa kasi ile, pigo moja likichelewa kuisha linakutana na linalofuata, yote yanakuwa muungurumo mmoja. Spika kubwa ya bei ya chini ndani ya kopo la plastiki inaendelea kuvuma baada ya ngoma kuisha. Jaribu KPH30i au KSC75, mwanzo utaona besi imepungua, vumilia upate kuzoea, utaanza kusikia vitu ambavyo hukujua vimo. Ukishindwa kununua nyingine sasa, ingia kwenye ikwalaiza ya simu, punguza kidogo eneo la hezi 125 hadi 250. Usipandishe nyingine. Kupunguza ndiko kunakosafisha.

Chuo_Mwaka_wa_Pili

Wakuu mmeandika mazuri lakini wengine bajeti yetu haifiki hata nusu ya hizo. Nina elfu ishirini. Nataka ya kusikilizia muziki hosteli, na maiki kwa ajili ya vipindi vya mtandaoni. Nina Tecno yenye tundu la pini. Nichukue nini? Au nikusanye kwanza?

Konda_Mstaafu

Dogo, ulizia ZX110AP, bei inategemea na duka. Wakati mwingine zipo za kaunta zilizotolewa kwenye boksi, wanapunguza.

Mwana_Luthuli

Na usikubali yenye nembo kubwa kwa bei hiyo, tafadhali.

Sikio_Safi

Mdogo wangu, kwa sababu simu yako ina tundu la pini tayari umeokoa pesa ya adapta, na redio unayo. Hosteli kuna wenzako wamelala, kwa hiyo ya kufungwa ndiyo yako. Konda amesema sahihi, ZX110AP kwanza. Kama ya kweli itazidi elfu ishirini, usishuke kwenye feki yake. Tafuta hedifoni ndogo, nyepesi, ya jina la kawaida linaloonekana vizuri kwenye boksi, yenye ohm kati ya 16 na 32, maiki kwenye waya na pini ya pete tatu. Pima kwa ujumbe wa sauti kama Mwana_Luthuli alivyofundisha, jirekodi kwa maiki hapo hapo dukani usikilize, vuta waya kidogo pale unapoingia kwenye kikombe. Ukiwa na uwezo wa kusubiri mwezi mmoja au miwili na kuna ndugu anatoka Marekani, mwambie akubebee KPH30i, ina maiki, ila itabidi usikilize kwa sauti ya chini usiku maana inavuja.

Ukifika dukani piga picha ya boksi, upande wenye namba, uiweke hapa kabla hujalipa. Nitakuwa hewani mchana wote, na Fundi naona naye yupo.

Fundi_Lehemu

Nipo. Na ukinunua, njoo na pini ya akiba kabisa, ni bei ndogo.